Wapanda Vioo wa Jiwepana: Kaburi Lenye Miguu

Kho!

Ndiyo, msomaji, jembe liligonga kitu. Wiki nzima umekaa na sauti hiyo masikioni, na wapo walionisimamisha njiani kuniuliza kama ni fuvu. Si fuvu. Fuvu halilii kama sufuria.

Aliyeshtuka kuliko wote pale kwenye mwanya kati ya majabali mawili alikuwa Sikudhani, mpishi wa kambi. Wengine walishtuka kwa sababu kaburi lilikuwa na kitu. Yeye alishtuka kwa sababu alijua halina. Kaburi lile alilijenga kwa mikono yake Jumatatu alfajiri, mawe matupu juu ya udongo, wala hakuchimba hata shimo la panya.

Kwa yule aliyefungiwa vitunguu na gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, nitaeleza upesi.

Kampuni ya umeme wa jua, ambayo watu wa huku kaskazini ya Mtinko wanaiita Wapanda Vioo, ilikuwa imeshasimamisha safu thelathini na tisa za vioo katikati ya mawe na vichaka ambavyo hata mbuzi huvipita kwa kufikiri. Ilibaki safu moja. Hiyo ilipangwa isimame juu ya Jiwepana, mwamba tambarare uliozungukwa na majabali, na mashine ya kutoboa miamba ingeweza kuupanda kwa mianya mitatu tu.

Kwenye mwanya wa kwanza likaonekana kaburi. Kampuni ikaheshimu, ikahamia wa pili. Siku ya tatu kaburi likaonekana kwenye wa pili. Wakahamia wa mwisho, na marehemu naye akahamia wa mwisho.

Mwenye marehemu alikuwa Mzee Melkizedeki, shemeji yake Sikudhani, mtu anayependa kulia mbele za watu kuliko anavyopenda pombe. Kwenye mwanya wa kwanza babu yake aliliwa na simba. Kwenye wa pili aliumwa na nyoka. Kwenye wa tatu alikufa kitandani, kwa uzee, akiwa amezungukwa na wajukuu. Injinia Fredrick alimsikiliza kwa adabu zote, lakini alikuwa ametia rangi nyekundu jiwe moja la kaburi la kwanza, na jiwe hilo alilikuta kwenye kaburi la tatu. Ndipo akasema lichimbwe.

Na kwa nini mama mzima wa miaka arobaini na sita ahangaike na kaburi la uongo? Kwa sababu Jiwepana ndiyo sakafu ya wanawake. Uwele wa kijiji kizima hupurwa na kuanikwa pale, kila mwanamke na kipande chake, mipaka ni nyufa za mwamba, na kipande hutoka kwa mkwe kwenda kwa mke wa mwana. Uwele ulikuwa umeshavunwa, umejaa majumbani, na kuku walikuwa wanaula bila aibu.

Ilikuwapo pia sababu ya pili, na hiyo alimficha hata Melkizedeki. Mwezi wa Januari, mvua zikinyesha, mpimaji wa kampuni alimkuta Sikudhani akipita na kuni karibu na mwamba. Akamuuliza, "Mama, hapa kuna kitu?" Sikudhani akautazama mwamba uliolowa, mtupu, akajibu, "Hapana baba, ni jiwe tu." Akapewa karatasi, akaweka dole gumba. Nani atamwambia mgeni habari ya uwele Januari? Lakini dole lile ndilo lililoupeleka mwamba kwa Wapanda Vioo, na wenzake wasingemsamehe wakijua.

Basi turudi shimoni.

"Toeni," alisema Injinia Fredrick.

Vibarua wawili walivuta mfuko mmoja wa sandarusi, wa pili, wa tatu. Wakaikata. Ndani mkang'aa roli za waya wa shaba, nyekundu, mpya, zina lebo ya kampuni.

Ulikuwa ule waya uliokuwa ukipotea kambini tangu mwezi uliopita. Walinzi walipekua kila mfuko na kila gari getini hawakuona kitu. Kumbe waya ulikuwa nje ya uzio, umelala kwa amani na babu.

Kimya kikatanda. Na penye kimya, Melkizedeki huona nafasi.

"Uuuwi babu yangu!" alipiga yowe, akajitupa chini. "Mmemvua babu yangu mali zake! Alizikwa nazo! Ilikuwa desturi!"

"Mzee," alisema Fredrick taratibu, "babu yako alifariki lini?"

"Mwaka wa njaa kubwa, mwanangu. Mimi sijazaliwa."

Fredrick akageuza lebo, akaisoma. "Waya huu umetengenezwa mwaka juzi."

Melkizedeki aliacha kulia. Alikaa kitako, akapangusa vumbi magotini, akafikiri kidogo.

"Basi labda si yeye," alisema.

Kibarua mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Injinia hakucheka. Alikuwa kijana mpole, asiyempita mtu mzima bila shikamoo, lakini waya ule ulikuwa umemnyima usingizi, na bosi wake wa Dar es Salaam alikuwa ameshamwambia kwamba ukipotea tena na yeye apotee. Alitoa simu, akapiga polisi Singida mjini. Wakasema wanakuja, awape saa moja.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Mimi sina shida tena na babu wa mtu. Aliyejenga kaburi hili ndiye aliyeficha waya. Mzee Melkizedeki, umelijenga wewe?"

Hapo ndipo utakapomjua shemeji. Wakati wa matanga yuko mbele, wakati wa pingu yuko nyuma.

"Mimi? Mimi kazi yangu ilikuwa kulia tu," alisema Melkizedeki. "Ya mawe muulizeni shemeji."

Vichwa vyote vikageuka.

Sikudhani alikuwa amekalia kuti kavu, na chini lilimngoja shimo. Akisema kaburi si lake, basi si kaburi la mtu, na mashine ipite. Akisema ni lake, yeye ndiye mwizi. Wanawake wenzake, wapatao ishirini, walisimama pembeni na khanga zao wakimtazama. Mbele yao alikuwa Bibi Agripina, mzee kuliko wote, ndiye anayegawa vipande vya mwamba na ndiye anayevichukua.

Nyuma ya injinia alisimama Damiani, mtunza stoo, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu nne mfukoni, anatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Nilisema mimi," alisema Damiani. "Nilisema kaburi ni kaburi, lisiguswe. Ona sasa aibu aliyoipata mama wa watu."

Sikudhani alimwangalia. Tangu lini? Huyu Damiani hajawahi kumwamkia mzee yeyote hapa kijijini, akipishana na Bibi Agripina hujitia anasoma simu. Juzi kwenye kikao ndiye aliyepinga kaburi kuchimbwa, akazungumzia mila mpaka Melkizedeki mwenyewe akaona haya. Mila kazipendea wapi?

Kisha akakumbuka jambo lingine, dogo. Asubuhi ile, akipita na ndoo ya uji, aliliona kaburi limependeza. Yeye aliyarundika mawe ovyo, ana haraka, kunakaribia kucha. Lakini leo yalikuwa yamepangwa: makubwa chini, ya kati katikati, madogo juu, safu kwa safu. Alidhani Melkizedeki amekuja kulitengeneza. Akacheka peke yake, kwa sababu Melkizedeki hajawahi kupanga hata kuni tatu.

Na stoo ya Damiani Sikudhani aliijua vizuri. Huingia kila asubuhi kuchukua mafuta na chumvi. Humo misumari imekaa kwa ukubwa, mafagio yamesimama kwa urefu, na siku moja alimkuta mwenye stoo anayageuza makopo ya rangi ili majina yote yatazame mlangoni.

Alivuta pumzi. Liwalo na liwe.

"Kaburi ni langu," alisema. "Nimelijenga mimi."

Wanawake waliguna. Damiani aliinama ili asionekane uso.

"Na waya?" aliuliza Fredrick.

"Waya si wangu, na mwenyewe nitakuonyesha. Nakuomba kitu kimoja, injinia. Kabla polisi hawajafika, shimo hili tulifunike. La uongo au la kweli, kaburi halikai wazi watu wanalitazama. Nipe mtu mmoja anisaidie mawe." Akanyoosha kidole. "Nipe Damiani. Yeye ndiye anayeheshimu mila."

Damiani angefanya nini? Akakunja mikono ya shati.

Sikudhani alianza. Alichukua kijiwe kidogo, akakitupa chini kabisa. Juu yake akaweka jiwe kubwa, likayumba. Akatupa lingine kando, akaweka jembamba kichwa chini. Ilikuwa kazi mbaya kupita zote alizowahi kufanya, na aliifanya kwa moyo wake wote.

Damiani alikuwa analeta mawe na kuyatua. Mara ya kwanza alivumilia. Mara ya pili alikunja uso. Mara ya tatu mkono ulimtoka wenyewe: alikichomoa kile kijiwe cha chini, akaingiza jiwe kubwa mahali pake.

Sikudhani akaweka dogo tena. Damiani akalitoa.

Akaweka lingine. Damiani akamsogeza kidogo kwa bega, "Pisha mama, hivi halitasimama," na akaendelea peke yake. Makubwa chini. Ya kati katikati. Aligeuza moja upande wenye rangi nyekundu ukaelekea ndani, usionekane, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, akarekebisha la pembeni kwa ncha ya kiatu.

Ndipo aliposikia kimya.

Fredrick alikuwa ameshika simu. Kwenye kioo ilikuwapo picha aliyoipiga asubuhi, kabla jembe halijagusa chochote. Aliitazama picha, akalitazama kaburi. Akaitazama picha tena.

"Damiani," alisema, "huyu mama anasema kaburi alilijenga yeye, na nimemwona anavyojenga. Hili la kwenye picha limejengwa na wewe."

"Kupanga mawe si kosa!"

"Si kosa. Ulilifungua kwa nini hata likahitaji kupangwa?"

"Nililikuta limebomoka," alisema Damiani, na sasa jasho lilikuwa limeharibu kazi yote ya pasi. "Nikalitengeneza tu, kwa heshima ya marehemu."

"Marehemu yupi?" aliuliza Melkizedeki.

Msomaji, niliambiwa na waliokuwapo kwamba kicheko kile kilisikika mpaka barabarani. Hata Bibi Agripina alicheka, akajifunika mdomo kwa khanga. Walinzi wawili wa kambi walimshika Damiani mikono, na Sikudhani akakaa juu ya jiwe. Alijisikia mwepesi. Alijisikia kama mtu aliyekwisha kushinda.

Haraka hiyo.

"Mnacheka!" alifoka Damiani. "Mnacheka mnadhani mwizi ni mimi peke yangu? Karatasi zote za kampuni ziko stoo kwangu, nimezisoma zote. Muulizeni huyu mama yenu nani aliyeuza mwamba! Muulizeni nani aliweka dole gumba Januari, kwamba Jiwepana hapana kitu!"

Kicheko kilikatika.

"Ni uongo," alisema mwanamke mmoja.

"Karatasi iko kwenye faili la kijani! Rafu ya pili, la tatu kutoka kushoto!"

Hakuna aliyetilia shaka kwamba lipo hapo hapo aliposema.

Bibi Agripina alikuja polepole kwa fimbo yake, akasimama mbele ya Sikudhani. Kwanza alisema kwa Kinyaturu maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kisha akauliza kwa Kiswahili, ili na injinia asikie.

"Sikudhani. Ni kweli?"

Aibu ilimpanda Sikudhani kutoka miguuni mpaka masikioni. Angeweza kukana. Dole gumba ni dole gumba, nani atalisoma? Lakini alikuwa amechoka kubeba siri ile tangu mvua za Januari, alikula nayo, alilala nayo, alijenga nayo makaburi matatu.

"Ni kweli, bibi," alisema. "Mpimaji aliniuliza kama kuna kitu. Nikatazama, hakuna kitu. Lilikuwa jiwe na maji. Angeniuliza Juni ningemwambia. Bibi, hata wewe Januari ungemjibu vilevile."

Wanawake walinung'unika. Mmoja alisema anyang'anywe kipande leo hii. Mwingine alisema akapurie uwele wake kwenye paa la kambi. Bibi Agripina aliinua fimbo, wakanyamaza.

"Ungenijibu mimi swali hilo Januari," alisema, "ningekupiga kofi. Lakini mgeni ulimjibu hivyo, na mimi pia ningemjibu hivyo. Hatuna mazoea ya kueleza watu uwele ambao haujaota." Akashusha fimbo. "Lakini umetufungia mlango kwa mdomo wako, na mlango huo utaufungua wewe. Leo. Ukishindwa, kipande chako nampa mwingine, na mimi sitaki kukuona kwenye mwamba tena."

Ndiyo hukumu. Polisi walifika, wakamchukua Damiani na roli zake, wakaandika maelezo. Sajenti alilizunguka kaburi mara mbili, akasema kurundika mawe si kosa ila wasirudie, akaondoka anatikisa kichwa. Ilikuwa saa sita mchana.

Sikudhani alimfuata injinia mpaka kwenye turubai lililokuwa na meza yake ya ramani.

"Injinia, nilikosea. Futa ile karatasi."

Fredrick alikuwa na huruma usoni, na huruma haikumsaidia. "Mama, nakushukuru kwa leo, umeniokoa kazi. Lakini karatasi inasema hakuna kitu, na bosi atapiga simu ya video saa nane aone mashine iko juu ya mwamba. Nimwambie nini? Nikitazama kwa macho yangu naona jiwe."

"Ule ugali uliokuwa unauliza habari zake," alisema Sikudhani.

"Ugali upi?"

"Wenye mchanga. Wiki ya tatu sasa unatema, unaniambia mama, unga wako unanivunja meno. Unajua mchanga ule umetoka wapi?"

Fredrick aligusa shavu bila kutaka.

"Umetoka chini, mwanangu. Tunapura uwele uani, kwenye mavumbi, na kuku juu yake, kwa sababu mwamba mmetukataza. Mchanga ule ni wa kwako. Ukitoboa Jiwepana, kijiji hiki kitatafuna mchanga mpaka mwisho wa dunia, na wewe utakula nasi kila siku utakayokuwa hapa."

Injinia alitazama saa.

"Niamini mama, nataka kuandika kwamba kuna kitu. Lakini siwezi kuandika nisichokiona."

"Unataka kuona?" aliuliza Sikudhani. "Tupe mpaka saa nane."

Alitoka pale mbio, khanga mkononi, akawapita wanawake bila kusimama. "Leteni uwele!" alipiga kelele. "Wote! Leteni wenye vumbi na wenye maganda, leteni hata uliobaki kwa kuku!"

Walisita. Walikuwa bado na hasira naye. Kisha Bibi Agripina aligeuka kuelekea nyumbani kwake, na kizee akikimbia, nani atatembea?

Msomaji, sijui kama umewahi kuona kijiji kizima kinahamisha chakula kwa saa moja. Walikuja na matenga kichwani. Walikuja na magunia kwenye baiskeli, na mikokoteni ya ng'ombe, na punda wa Mzee Melkizedeki, ambaye naye alikuja akiomboleza, safari hii kwa sababu punda alimkanyaga. Walipita kwenye mwanya, pembeni ya mashine, wakapanda juu. Kila mmoja alikwenda kwenye kipande chake bila kuuliza, akamwaga masuke, akayatandaza kwa miguu na kwa mikono mpaka kwenye ufa, pale pale kinapoanzia cha mwenziwe.

Ilipofika saa nane kasoro, hapakuwa na mahali pa kuweka unyayo. Mwamba wote ulikuwa uwele.

Fredrick alisimama kwenye mwanya, mdomo wazi. Nyuma yake mashine ya kutoboa ilikuwa inanguruma, na juu yake Elisha, dereva, kijana wa Ikungi, alikuwa ameshika usukani anangoja amri.

Simu ikalia. Uso wa bosi ukajaa kwenye kioo.

"Fredrick! Mashine iko juu?"

"Iko mlangoni, bosi."

"Nionyeshe."

Fredrick akageuza simu. Bosi akatazama kwa muda.

"Hilo ni zulia?"

"Ni chakula, bosi."

"Karatasi inasema hapo hapana kitu! Pitisha mashine, watatoa wenyewe. Dereva, twende!"

Elisha alitazama masuke yaliyoanzia mbele ya minyororo ya mashine. Alitazama wanawake waliokaa kila mmoja katikati ya kipande chake, wameanza kupura kama vile hakuna mtu. Akazungusha ufunguo. Mngurumo ukafa.

"Samahani, injinia," alisema. "Miamba nitatoboa hata kumi. Chakula sikanyagi. Mama yangu akisikia, Ikungi sitakanyaga tena."

"Mwondoe!" ilisema simu.

"Hapa hakuna mwingine anayeiendesha, bosi," alisema Fredrick, na Sikudhani akaapa baadaye kwamba alimwona anatabasamu. "Na mimi nimekiona kitu kwa macho yangu. Nitaandika hivyo."

Bosi alivuta pumzi ndefu. Alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara hujua ng'ombe akilala njiani unamzunguka.

"Safu ya arobaini lazima isimame," alisema. "Tafuta eneo lingine, tambarare, lisilo na kivuli, mita mia tatu kutoka hapo isizidi, nyaya zifike. Una mpaka saa kumi. Ukikosa, nakuja mwenyewe na dereva wangu, na huyo hana mama."

Simu ikakatika.

Wanawake walipiga vigelegele vilivyotisha punda. Bibi Agripina, amekaa kwenye uwele wake na fimbo ya kupuria, alimwita Sikudhani kwa kidole. "Mlango umeufungua nusu," alisema. "Malizia."

Fredrick alikuwa ameshatandaza ramani juu ya jabali, ameizuia kwa mawe manne. Alipima kwa rula, akapima tena, akakuna kichwa. Upande wa mashariki makorongo. Upande wa kusini majabali. Akasogea magharibi, kalamu ikasimama.

"Hapa!" alisema. "Afadhali kuliko hata mwamba. Tambarare, hakuna mti, na jiwe liko chini kidogo tu, nguzo zitashika. Mita mia mbili na themanini."

Wanawake waliinama juu ya ramani kwa furaha. Hakuna aliyeielewa, ilikuwa mistari na namba bila nyumba hata moja, na Fredrick hakujua majina ya wenye mashamba. Lakini Sikudhani alikuwa amepeleka chai kwenye meza ile miezi sita, akiitazama ramani begani kwa watu, na mistari aliijua. Huu ni mwanya wa tatu. Hii ni njia ya kisimani. Huu mkunjo ni kichuguu. Na baada ya kichuguu, pale kalamu ilipotua, kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili yenye bati jipya, banda la kuku, na ekari tatu za alizeti alizoachiwa na marehemu mume wake.

Akaondoa macho kwenye ramani.

"Mwambie ndiyo, mwanangu," alisema Bibi Agripina kutoka mwambani, hajui anachokisema. "Mwambie ndiyo, jiwe letu lipone."

"Mama Sikudhani," alisema Fredrick, amechangamka, kalamu tayari, "wewe unawajua watu wote huku. Hili nalo lina mwenyewe?"

Wote walimgojea. Akisema ndiyo, saa kumi ingefika bila eneo, na yule dereva asiye na mama angekuja. Akisema hapana, lingekuwa dole gumba la pili, safari hii juu ya kitanda chake mwenyewe. Sikudhani alitazama mwamba uliojaa uwele, akatazama upande wa bati lake lililokuwa linameta nyuma ya kichuguu. Kisha, polepole, ule uso wake wa siku za makaburi ukamrudia.

"Lina mwenyewe," alisema.

"Unamfahamu?"

"Namfahamu sana. Ni mwanamke mbishi, injinia, na ana siri ambayo hajakwambia." Alijifunga khanga kiunoni, akaanza kushuka. "Twende nikupeleke kwake. Lakini ukifika mlangoni, mashine yako iache mbali."